Kufika si kukaa: kwa nini Mmarekani hakwenda Tokyo moja kwa moja?

*"Mwalimu, shikamoo. Babu yangu mdogo alikuwa askari wa mizinga katika jeshi la Mwingereza. Mwanzoni mwa 1944 alipandishwa meli Kilindini, na hakurudi tena. Nyumbani wanasema tu kwamba 'alikufa vita vya Mjapani'. Nimeanza kusoma habari za vita hivyo ili nimwelewe, na nimekwama. Mjapani alikuwa na mkono mrefu kiasi gani hata afike bahari yetu? Na Mmarekani, aliyekuwa na meli nyingi hivyo, mbona hakuzikusanya zote akaenda Tokyo moja kwa moja, badala ya kumwaga damu kwenye visiwa vya matumbawe visivyo hata na maji ya kunywa? Tena visiwa vingine aliviruka, akawaacha Wajapani maelfu nyuma yake. Ni nani anayemwacha adui mgongoni?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa muda mrefu usio na kaburi. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Maswali yako matatu nayaona ni swali moja: vita vya kuvuka bahari kuu vinapiganwa vipi, na kwa nini havifanani na vita tunavyovielewa sisi watu wa nchi kavu? Nitakujibu kwa urefu, kisha nirudi kwa babu yako.

Anza kwa kuifuta picha moja kichwani. Wengi wetu tunaiona bahari kama uwanja: mwenye jeshi kubwa anaingia, anamsukuma mwenzake, anasonga mbele. Bahari haina uwanja wa kushikwa. Ukipita na manowari zako leo, kesho maji yamefunga nyuma yako kama vile hukupita. Unachoweza kushika ni bandari, kiwanja cha ndege, na njia ya meli kwa muda ule tu unaoweza kuilinda. Kwa hiyo jenerali wa bahari kuu hajiulizi tu, "Naweza kufika?" Anajiuliza, "Nikifika, nitakaa kwa siku ngapi kabla mafuta, risasi na chakula havijaniishia?"

Hebu tupige hesabu. Kutoka San Francisco hadi Hawaii ni kama kilomita 3,900, karibu sawa na Mombasa hadi Maskati. Hapo bado uko nyumbani kwa Mmarekani. Kutoka Hawaii hadi Tokyo ni zaidi ya kilomita 6,000 nyingine. Na kutoka San Francisco hadi Sydney ni kama 12,000. Meli ya mizigo ya miaka ile yenye mwendo wa noti 10 ilikata takriban kilomita 440 kwa siku, kwa hiyo kwenda Sydney ni siku 27 na kurudi ni siku 27. Ukitaka meli moja tu itie nanga Sydney kila siku, lazima uwe na meli zaidi ya 50 baharini wakati wote, na hapo hujahesabu siku za kupakua, za matengenezo, wala zile zitakazozamishwa. Kila unapoongeza umbali, meli zile zile zinaleta mzigo mdogo zaidi. Mtu aliyewahi kufanya kazi gatini anaielewa hesabu hii upesi kuliko mtu aliyesoma vitabu vya mapigano peke yake.

Hilo la kwenda moja kwa moja lilikwisha kujaribiwa, na waliolijaribu walipita huku kwetu. Oktoba 1904 Warusi walituma kundi la manowari kutoka Bahari ya Baltiki kwenda kupigana na Mjapani. Januari 1905 lilitia nanga Nosy Be, Madagaska, likakaa pale hadi Machi. Manowari za makaa ya mawe zilikula makaa kama tanuri, na njia nzima Warusi hawakuwa na bandari yao wenyewe. Walitegemea meli za makaa za kampuni moja ya Ujerumani. Kwa kuogopa kuishiwa walijaza makaa hata kwenye sitaha na vyumba vya kulala, mabaharia wakawa wanakula na kulala ndani ya vumbi jeusi kwenye joto la kaskazi. Walipofika mlango bahari wa Tsushima tarehe 27 Mei 1905, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 30,000, walikuwa wamechoka na meli zao zimeota uchafu chini ya maji. Kwa siku mbili karibu kundi lote lilizamishwa au kutekwa. Walifika, lakini hawakuwa na pa kukaa.

Wamarekani waliisoma habari ile kwa makini. Kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya vita walikuwa na mpango wao wa kupigana na Japani, ulioitwa Orange. Ndani yake kulikuwa na kambi mbili. Wapo waliotaka manowari zikimbie moja kwa moja hadi Manila. Wengine walisema hapana, twende hatua kwa hatua, kila hatua tujenge kituo. Mwaka 1921 Earl Ellis, ofisa mmoja wa Marine, kikosi cha Marekani cha kuvamia kutoka baharini, aliandika namna visiwa vya Mikronesia vitakavyobidi kutekwa kimoja baada ya kingine ili viwe vituo. Jibu la swali lako, mwanangu, lilikuwa limeandikwa miaka 20 kabla ya bomu la kwanza kuanguka.

Hata lile shambulio la Wajapani kwenye bandari ya Pearl Harbor, Hawaii, la tarehe 7 Desemba 1941 litazame kwa jicho hili. Kila mtu anakumbuka manowari zilizoungua. Mimi hukumbuka zaidi matangi ya mafuta, yenye mapipa yapatayo milioni 4.5, ambayo Wajapani hawakuyagusa. Manowari zingeweza kuinuliwa na kutengenezwa, na nyingi kweli zilirudi vitani. Mafuta yale kama yangeungua, manowari zilizobaki zingelazimika kurudi pwani ya California, na vita vingeanzia kilomita 3,900 nyuma zaidi.

Sasa nikuonyeshe jambo hili kwa karibu, maana hapa ndipo ninapoumia kila ninapofundisha. Julai 1942 kikosi cha Marine kilikuwa Wellington, New Zealand, kikijiandaa kuvamia Guadalcanal, kisiwa cha Solomon kilichokuwa mikononi mwa Wajapani. Shehena yao ilikuja imepakiwa kibiashara, yaani kwa namna ya kujaza tumbo la meli isibaki nafasi. Kwa vita huo ni upotevu. Meli ya vita hupakiwa kinyume: kitakachohitajika kwanza ufukweni huingia mwisho ili kikae juu, risasi na maji ya kunywa mlangoni, mahema na madawati chini kabisa. Basi ikabidi wapakue kila kitu wapakie upya, na askari wenyewe ndio waliogeuka makuli, kwa zamu, usiku na mchana, majira ya baridi, mvua haikatiki. Vyakula vilikuwa kwenye makasha ya karatasi. Makasha yakalowa, yakapasuka, na gati likawa na uji wa nafaka, sigara na sukari unaokanyagwa na malori. Mimi nimefanya kazi bandarini masika moja ambapo shehena ya unga ilipakuliwa bila turubai, na harufu ile ya unga uliolowa haijanitoka puani. Kwetu ilikuwa hasara ya fedha. Kwao ilikuwa chakula cha watu watakaokuwa mitaroni.

Walitua Guadalcanal tarehe 7 Agosti 1942. Usiku wa kuamkia tarehe 9 manowari za Wajapani zikazivunja vibaya manowari za Wamarekani na washirika wao zilizokuwa zikilinda karibu na kisiwa cha Savo. Manowari za kubeba ndege zilikuwa zimekwisha kuondoka, kwa hiyo meli za mizigo nazo zikang'oa nanga, shehena nyingi ikiwa bado tumboni. Askari wakabaki ufukweni wakila milo miwili kwa siku, na sehemu ya chakula hicho ilikuwa mchele waliouteka kwa adui. Kilichowaokoa ni kiwanja cha ndege ambacho Wajapani walikuwa wamekaribia kukimaliza. Waliking'ang'ania, wakakiita Henderson, na tangu ndege zilipoanza kuruka pale meli za Mjapani hazikuweza kukaribia mchana. Zikawa zinakuja usiku, zinatupa magunia na mapipa ya chakula baharini, zinakimbia kabla ya alfajiri. Hatimaye askari wa Kijapani wakakiita kile kisiwa cha njaa. Kati ya waliopelekwa pale, zaidi ya nusu hawakurudi, na njaa na maradhi viliua wengi kuliko risasi.

Umeona sasa thamani ya kisiwa kisicho na maji ya kunywa? Kina kipande cha ardhi tambarare cha kuruka ndege. Ndege ya kivita ina urefu wake wa kuruka na kurudi, na meli isiyo na ndege juu yake ilikuwa windo. Kwa hiyo hatua ya safari ilipimwa kwa urefu wa mbawa: unateka kisiwa, wahandisi waliojulikana kama Seabees wanamwaga matumbawe yaliyosagwa na kuyashindilia yawe njia ya ndege, kisha unatazama kisiwa kinachofuata kilicho ndani ya uwezo wa ndege hizo. Visiwa vya Mariana vilipiganiwa Juni 1944 kwa sababu hiyo hiyo. Kutoka Saipan hadi Tokyo ni kama kilomita 2,400, na ndege mpya ya mabomu, B-29, iliweza kwenda na kurudi.

Lakini nisikudanganye kwamba kila kitu kilihesabiwa vizuri. Novemba 1943, kwenye kisiwa cha Betio huko Tarawa, Pasifiki ya kati, waliingia wakati wa maji mafu. Mvuvi yeyote wa Pemba au Lamu anajua maana yake: siku za bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, siku za maji mafu hayajai vya kutosha. Ofisa mmoja aliyeishi kule miaka mingi aliwaonya kwamba juu ya mwamba maji hayatafika mita moja. Mashua za kushushia askari zilihitaji zaidi ya hapo. Wakubwa waliamua kubahatisha. Magari ya minyororo yanayoelea yalikuwepo yapatayo 125, hayo yaliupanda mwamba na kupita. Waliokuja nyuma kwa mashua walikwama ukingoni, wakashuka, wakatembea mamia ya mita majini, bunduki juu ya kichwa, mbele ya bombomu. Kwa siku tatu walikufa Wamarekani wapatao 1,000 kwa kisiwa cha urefu wa kilomita 3 hivi. Baada ya hapo wakaunda vikosi vya waogeleaji wa kupima mwamba na kulipua vizuizi kabla ya uvamizi, na magari yale yakaongezwa sana. Inaniuma kwamba elimu ambayo mtoto wa pwani huipata bure ilinunuliwa kwa bei ile.

Nije kwenye adui aliyeachwa mgongoni. Nchi kavu hofu yako ni ya haki kabisa: ukimruka adui, usiku atainuka atembee akukate. Kisiwani hatembei. Bila meli na bila ndege, askari 100,000 ni wafungwa wanaojilisha wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa Rabaul, ngome kubwa ya Wajapani kusini mwa Pasifiki. Kuiteka kungegharimu maelfu ya roho. Wamarekani na washirika wao wakavishika viwanja vya ndege pande zote, wakaipiga hadi ndege zake zikaondolewa Februari 1944, wakapita. Wajapani wapatao 100,000 walibaki wakilima viazi na mboga hadi vita vilipokwisha 1945.

Hata hivyo njia hiyo nayo ilikuwa na dhuluma yake, na sipendi inavyosifiwa bila kutaja waliolipa. Kwenye visiwa vilivyorukwa kulikuwa na wenyeji. Askari mwenye njaa na bunduki hula kwanza. Wenyeji wa kisiwa cha Nauru wapatao 1,200 walihamishwa na Wajapani wakapelekwa Truk, ngome nyingine ya Wajapani iliyorukwa, na mamia yao walikufa kule. Kwa jenerali Truk ilikuwa tatizo lililokwisha. Kwa mama wa Kinauru vita ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza.

Wataalamu pia wanabishana kama ilifaa kwenda kwa njia mbili, Jenerali MacArthur kupitia Guinea Mpya na Ufilipino, Amirali Nimitz kupitia visiwa vya kati. Maoni yangu: njia mbili zilimchanganya Mjapani asijue akusanye nguvu wapi, lakini ziliacha pia mapigano yasiyokuwa na haja. Mfano mchungu ni wa Septemba 1944. Kisiwa cha Peleliu kilivamiwa tarehe 15 kwa matarajio ya siku chache, na ilichukua zaidi ya miezi miwili. Amirali Halsey alikuwa amependekeza ifutwe, akakataliwa. Wiki moja baadaye, katika operesheni ile ile, waliichukua Ulithi bila mtu wa kuwapinga. Ulithi ni pete ya mwamba yenye maji matulivu katikati. Pale zikaja chelezo zinazoelea, meli za karakana, meli za hospitali, matishari ya mafuta na hata tishari la zege la kutengenezea aiskrimu. Machi 1945, kabla ya kwenda kuvamia kisiwa cha Okinawa, Japani, meli zaidi ya 600 zilikuwa zimetia nanga humo. Peleliu ndiyo watu wanayoikumbuka. Ulithi ndiyo iliyofanya kazi.

Na Mjapani? Yeye aliingia vitani kutafuta mafuta ya Indonesia, iliyokuwa ya Uholanzi, kisha hakulinda meli za kuyaleta nyumbani. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na meli zake, la majini zake, na raia zao. Meli ilipeleka askari kusini ikarudi tupu, huku nyingine ikienda tupu kuchukua madini bandari ile ile. Kamandi moja ya kusimamia ulinzi wa misafara ya meli iliundwa Novemba 1943 tu, wakati huo huo nyambizi za Marekani zilipokuwa zimemaliza kurekebisha topido zao, yaani makombora ya chini ya maji, zilizokuwa zikipita chini ya meli au kugonga bila kulipuka. Mabaharia wa nyambizi hawakufika asilimia 2 ya jeshi la majini la Marekani, lakini walizamisha zaidi ya nusu ya tani za meli za mizigo za Japani. Kwa hiyo anayesema Mmarekani alishinda kwa utajiri tu amesema nusu. Utajiri ulimpa meli, lakini kuamua kuikata njia ya chakula na mafuta ya adui ni jambo la akili.

Ule mkono mrefu ulioulizia ulifika kweli. Aprili 1942 manowari za kubeba ndege za Japani zilipiga Colombo na Trincomalee, bandari za Ceylon (Sri Lanka ya leo), na Mwingereza akazihamishia manowari zake za zamani Kilindini. Hata wasomaji wake wa siri za redio za Kijapani waliletwa Mombasa, wakafanya kazi katika jengo la shule ya Allidina Visram. Mei Waingereza wakaiteka Diego Suarez huko Madagaska kwa hofu kwamba Mjapani ataifanya kituo. Mwisho wa mwezi huo nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia humo bandarini zikaipiga manowari ya Mwingereza, Ramillies. Halafu nyambizi kubwa zikazamisha meli za mizigo 20 na ushee katika mlango wa Msumbiji. Lakini angalia: zilikuja, zikapiga, zikaondoka. Mjapani hakuwa na Ulithi upande huu. Kwa nyambizi moja moja, hata hivyo, kufika kunatosha kuua.

Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi I-27 iliipiga meli Khedive Ismail kwa topido mbili. Ilikuwa imetoka Kilindini ikielekea Colombo, imebeba kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wauguzi na mabaharia. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Kati ya watu 1,511 walikufa 1,297. Nyambizi ikajificha chini ya walionusurika waliokuwa wakielea, na manowari za ulinzi zikaamua kuangusha mabomu ya majini hapo hapo ili isiende kuzamisha meli nyingine. Nimesoma hoja za pande zote juu ya uamuzi ule. Sina moyo wa kumhukumu aliyeutoa, na sina moyo wa kuuita mzuri.

Babu yako alikuwa wa mizinga, alipandia Kilindini, mwanzoni mwa 1944. Vinafanana, lakini nakuomba usiifanye kuwa hakika kwa neno langu. Misafara ilikuwa mingi, na askari wa Keya (King's African Rifles) waliofika Burma na kufia huko ni wengi pia. Hili halimalizwi kwa barua, linahitaji miguu. Waulize wazee kama kuna cheti, medali au barua ya serikali iliyoletwa na mkuu wa wilaya, na utafute juu yake namba ya jeshi, maana majina ya wakati ule yaliandikwa ovyo, jina la baba likageuzwa la mtu. Ukiwa na namba, nenda ofisi ya nyaraka za taifa ukamwone mtunza kumbukumbu ana kwa ana, mweleze kama ulivyonieleza mimi. Na ukipata nauli, nenda Nairobi, makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Humo mna mnara wa Afrika Mashariki ambapo wameandikwa wasio na kaburi, wakiwemo wa kikosi cha 301. Nenda asubuhi, na umchukue mzee mmoja wa ukoo anayejua majina yote aliyoitwa babu yako, la nyumbani, la chuoni na la jeshini.